Nani kashika kamera? Maswali yenu kuhusu filamu za Wayahudi

Safari hii najibu maswali ya wasomaji kuhusu filamu za makala zinazosimulia maisha, historia na utamaduni wa Wayahudi.

Kila filamu niliyowahi kuonyeshwa kuhusu Wayahudi ni ya kambi, moshi na maiti. Kwani watu hawa hawakuwahi kuishi? (Msomaji, Mwanza)

Waliishi, na natamani kila mtayarishaji aanze na swali lako. Tafuta Three Minutes: A Lengthening ya Bianca Stigter. Mwaka 1938 David Kurtz, mhamiaji aliyekuwa akiishi New York, alikwenda kuutembelea Nasielsk, mji mdogo wa Poland alikozaliwa, akiwa na kamera. Akapiga dakika tatu za watu wa mtaani: watoto wanasukumana ili waonekane, watu wanamiminika kutoka sinagogi, mwanamke kasimama mlangoni pa duka. Mwaka 2009 mjukuu wake, Glenn Kurtz, aliukuta mkanda huo Florida, umeshaanza kuharibika. Wayahudi wa Nasielsk walikuwa kama 3,000. Waliotoka hai katika vita, Wanazi wa Ujerumani walipowaua Wayahudi wa Ulaya, hawakufika 100.

Kwa zaidi ya saa nzima Stigter hatoki nje ya dakika hizo tatu. Anazirudia, anazisimamisha, anasogelea kibao cha duka ambacho herufi zake hazisomeki na kutueleza jinsi watafiti walivyohangaika nacho. Kuna mzee aliyenusurika ambaye mjukuu wake mwenyewe ndiye aliyemtambua humo ndani, akiwa mvulana wa miaka 13. Sijaona filamu nyingine inayomfanya mtazamaji aone uchungu wa kuvipoteza vitu vidogo kiasi hicho: kofia, mlango, mtoto mtundu asiyetaka kuondoka mbele ya kamera.

Kisha tafuta Number Our Days ya Lynne Littman, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 1977. Haifiki nusu saa. Wazee wa Kiyahudi wa Venice, California, wanabishana, wanacheza dansi, wanaikaribisha Sabato pamoja. Wengi wana upweke na kipato kidogo, ila hakuna anayewaonea huruma ya kuwadunisha.

Shikamoo. Nasomea uongozaji wa filamu. Tumeagizwa kutazama Shoah, filamu ya makala kuhusu mauaji ya Wayahudi, ambayo ina urefu wa zaidi ya saa 9 na haina hata picha moja ya zamani. Siwezi kutazama vipande tu? (Mwanafunzi, Dar es Salaam)

Marahaba, mwanangu. Usitazame vipande. Filamu ina sehemu mbili kubwa, kwa hiyo igawe kwa siku, lakini itazame yote.

Claude Lanzmann aliifanya kazi ile kwa takriban miaka 11 na kuitoa mwaka 1985. Picha za zamani alizikataa kwa makusudi. Alichokitaka ni vinywa vya waliokuwepo na mahali penyewe palivyo sasa: msitu, reli, nyasi zilizoota Treblinka, ilikokuwa kambi ya mauaji huko Poland. Filamu inafunguka na Simon Srebnik. Alipokuwa na miaka 13 huko Chełmno, kambi nyingine ya mauaji, walinzi walikuwa wakimwimbisha ndani ya mashua. Sasa ni mtu mzima, amerudi kwenye mto ule ule, na anaimba. Hakuna muziki wa kukusukuma ulie. Urefu una kazi yake: saa ya kwanza unasikiliza habari, saa ya sita unaanza kuisikia treni kabla hujaiona.

Umeniuliza pia, pembeni, kama Lanzmann alimtendea haki Abraham Bomba, kinyozi aliyelazimishwa Treblinka kuwanyoa wanawake waliokuwa wakienda kuuawa. Lanzmann alikodi duka la kinyozi huko Israel, akampa Bomba mkasi na mteja, kisha akaanza kumhoji. Bomba akafika mahali maneno yakamkatikia. Akaomba waache. Lanzmann akamsihi aendelee, na akaendelea. Wapo wanaouona huo kuwa ukatili. Mimi naona Bomba alikuja akijua amekuja kusema nini, na aliyasema. Lakini hilo lilikuwa kati ya watu wawili waliokwisha kuzungumza na kuandaana. Wewe uliyekutana na mhojiwa wako asubuhi ya leo, akisema basi, zima kamera.

Kuhusu Franz Suchomel, mtu wa SS, kikosi cha Wanazi, ambaye Lanzmann alimrekodi kwa kamera ya siri baada ya kumwahidi kwamba hatamtaja jina, ahadi hiyo kuvunjwa hakuninyimi usingizi.

Nafundisha historia sekondari. Wanafunzi wananiuliza tutajuaje kama picha za wakati wa Wanazi hazikuigizwa. Nitumie zipi darasani? (Mwalimu, Nakuru)

Mwalimu, wanauliza vizuri, kwa sababu nyingine ziliigizwa kweli.

Mei 1942 wapiga picha wa Kijerumani waliingia geto la Warsaw, mtaa wa Poland ambako Wanazi waliwafungia Wayahudi, na kupiga picha kwa takriban mwezi mzima. Baada ya vita mkanda wao ulipatikana Ujerumani Mashariki, hauna sauti wala haujakamilika, na kwa miaka mingi vipande vyake vilitumiwa kama ushahidi wa maisha ya geto yalivyokuwa. Mwaka 1998 ukapatikana mkanda mwingine, wa mabaki ya kazi ile ile. Humo unaona tukio moja likirudiwa mara kadhaa. Watu waliovaa vizuri wanapitishwa tena na tena karibu na maskini, ili ionekane Wayahudi wenye nacho hawajali ndugu zao wanaokufa kwa njaa. Njaa ile ilikuwa ya kweli, na waliolala barabarani walikuwa wamekufa kweli. Uongo ulikuwa kwenye kisa kilichotungwa juu yao.

Yael Hersonski alitengeneza A Film Unfinished mwaka 2010 kutokana na mikanda hiyo. Aliwaketisha manusura wa geto katika ukumbi wa sinema, kila mmoja kwa wakati wake, akawaonyesha. Uso wa mama mzee anayetazama, akihofu kumwona mtu anayemjua, unafundisha kuliko maelezo yoyote. Filamu inatumia pia shajara ya Adam Czerniaków, mkuu wa baraza la Wayahudi wa geto, aliyeandika jinsi wapiga picha walivyoigeuza nyumba yake uwanja wa kuigizia. Kuwasafirisha watu kwenda Treblinka kulianza tarehe 22 Julai 1942. Siku iliyofuata Czerniaków alijiua.

Upande wa pili, waonyeshe jinsi waliokuwa na ukweli walivyojitahidi kuulinda. Jeshi la Uingereza lilipoingia Bergen-Belsen, kambi ya Wanazi huko Ujerumani, Aprili 1945, mtayarishaji Sidney Bernstein alianza kutengeneza filamu ya ushahidi, naye mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock akamshauri. Ushauri wake ulikuwa wa kitaalamu hasa: picha ziwe ndefu, zisikatwekatwe, kamera isogee taratibu kutoka kwa viongozi wa miji ya jirani walioletwa kutazama hadi kwenye makaburi yenyewe, ili mtu asije akasema viwili hivyo vimeunganishwa kwenye meza ya uhariri. Filamu hiyo iliwekwa kando mwaka huo huo wa 1945, na majumba ya makumbusho ya Imperial War Museums yakaja kuikamilisha mwaka 2014. Kisa hicho chote kimo katika Night Will Fall ya André Singer.

Darasani ningeonyesha dakika chache za geto, pale tukio linaporudiwa, kisha niwaulize wanafunzi nani kashika kamera na alitaka nini. Picha za Belsen zenyewe usizionyeshe kwa kushtukiza. Waandae, na umruhusu anayetaka kutoka atoke.

Ni kweli Wayahudi walikaribia kupewa ardhi huku kwetu? Nataka kutengeneza filamu. (Msomaji, Eldoret)

Ni kweli, ingawa historia imeuita Mpango wa Uganda. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza, kupitia waziri wake wa makoloni Joseph Chamberlain, ilitaja nyanda za juu za Uasin Gishu, ambazo leo ziko Kenya. Aprili mwaka huo Wayahudi 49 walikuwa wameuawa Kishinev, katika dola ya Urusi, na Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni waliotaka Wayahudi wapate nchi yao, alitafuta kimbilio la haraka. Agosti, katika mkutano wa Wazayuni huko Basel, Uswisi, wajumbe 295 waliunga mkono kutuma watu waikague ardhi, na 178 wakakataa. Wajumbe wa Kishinev wenyewe walikuwa miongoni mwa waliokataa. Herzl akafariki mwaka 1904, na mkutano wa 1905 ukaufuta mpango.

Sasa nikuombe kitu. Usiishie Basel na London. Mwaka huo huo wa 1905, tarehe 19 Oktoba, Waingereza walimuua Koitalel arap Samoei, aliyeongoza upinzani wa Wanandi, watu wa eneo hilo. Chamberlain alikuwa akigawa nchi yenye wenyewe, na wazee wa Kinandi hawakuulizwa. Ukiweka Kishinev na Nandi ndani ya filamu moja, bila kumfanya yeyote kati yao kuwa mapambo ya mwenzake, nitakuwa wa kwanza kuitazama.

Je, kuna filamu kuhusu Wayahudi wa Afrika Mashariki walio hai leo? (Msomaji, Kampala)

Ipo, na iko jirani nawe. Delicious Peace Grows in a Ugandan Coffee Bean inawafuata wakulima wa Mbale: Wayahudi wa Abayudaya, Waislamu na Wakristo waliounda ushirika mmoja wa kahawa mwaka 2004, uitwao Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Abayudaya walianzishwa na Semei Kakungulu, kiongozi wa Kiganda, mwaka 1919. Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao, waliobaki wakasali kwa siri. Sikiliza nyimbo zao, kwani humo wakulima wanaimba bei ya kahawa na amani kwa pumzi moja.

Nimekulia kati ya Waarabu na sijawahi kuona filamu ya Wayahudi waliozungumza Kiarabu. (Msomaji, Muscat)

Forget Baghdad ya mwaka 2002. Mwongozaji wake, Samir, ni Mwiraki aliyekulia Uswisi na wala si Myahudi. Anawatafuta Wayahudi wazee wa Baghdad, baadhi yao wakomunisti wa zamani, waliohamia Israel karibu na mwaka 1950. Mmoja wao, Samir Naqqash, aliendelea kuandika kwa Kiarabu maisha yake yote. Wanakumbuka walivyopokelewa kwa kunyunyiziwa dawa ya wadudu, na bado wanaitamani Baghdad iliyowatoa. Filamu haiwalazimishi kuchagua hasira moja.

Wanangu wana miaka 8 na 11. Nianze nao wapi? (Mama, Arusha)

Dada yangu, anza na Hava Nagila (The Movie), safari ya wimbo mmoja kutoka Ukraine hadi kwenye harusi za Marekani. Kambi wataziona wakikua.

Shangazi yangu ni manusura wa mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994. Amekubali nimrekodi. Nifanyeje? (Msomaji, Kigali)

Pole, na umshukuru shangazi kwa niaba yetu.

Wapo waliokutangulia katika kazi hii. Taasisi ya Shoah Foundation, aliyoianzisha Steven Spielberg mwaka huo huo wa 1994, imehifadhi shuhuda zaidi ya 55,000, nyingi zikiwa za Wayahudi, na zimo za Wanyarwanda pia. Mtu alihojiwa nyumbani kwake, na hakuanzishwa na mauaji. Aliulizwa kwanza jina lake, alikozaliwa, nyumba yao, shule, chakula cha sikukuu. Vita vikafuata, na maisha baada ya vita yakapewa nafasi yake. Mwishoni alionyesha picha zake, na mara nyingi familia ikaja kuketi naye mbele ya kamera.

Fuata mpangilio huo. Keti chini ya lenzi, karibu nayo, ili akutazame wewe. Akinyamaza, usijaze kimya chake. Kubalianeni mapema kwamba anaweza kusimamisha wakati wowote, na kwamba hakuna kitakachotoka nje bila yeye kukiona. Siku ya kurekodi awepo mtu atakayebaki naye jioni ukishaondoka. Na mwulize majina ya wale ambao hakuna mwingine anayewakumbuka, ayataje yote polepole, nawe uyaandike vile vile anavyoyatamka.