Kabla Hujanunua Diwani ya Emily Dickinson

Kila anayeniomba ushauri juu ya mashairi mafupi ya Emily Dickinson, aliyeishi Amherst, jimboni Massachusetts, kati ya 1830 na 1886, humwambia kwanza atazame ni nani aliyeihariri diwani anayotaka kuinunua.

Dickinson alipofariki aliacha mashairi yanayokaribia 1,800, na katika hayo ni kama kumi tu yaliyokuwa yamechapishwa, tena bila jina lake. Mdogo wake, Lavinia, ndiye aliyeyakuta, mengi yakiwa yameshonwa kwa mkono katika vijitabu. Mwaka 1890 Mabel Loomis Todd na Thomas Wentworth Higginson walitoa mkusanyo wa kwanza, wakayapa baadhi yake vichwa ambavyo mwenyewe hakuviweka, wakapunguza deshi zake na kunyoosha vina. Kwa kuwa hakimiliki ya maandishi hayo imekwisha, ndiyo yanayotangulia kuonekana mtandaoni na katika vitabu vya bei nafuu.

Mimi hulipima toleo lolote kwa shairi lianzalo "Because I could not stop for Death", ambamo Mauti anafika na gari la farasi, kama bwana mwenye adabu zake, kumchukua msemaji. Mwaka 1890 liliitwa "The Chariot" na lilikuwa na beti tano, ilhali shairi kamili lina sita. Uliokatwa ni ubeti wa nne, ambao kwangu ndio moyo wa shairi: msemaji, aliyekwisha kutuambia kwamba walilipita jua likitua, anajisahihisha kuwa jua ndilo lililowapita wao, kisha umande na baridi vinaingia, naye amevaa nguo nyepesi mno. Hata mizani inageuka hapo, kwani mishororo iliyokuwa ikienda kwa silabi nane kisha sita, kama nyimbo nyingi za ibada za Kiprotestanti, sasa inaanza na sita ndipo ifuate nane. Ukiuondoa ubeti huo, safari inabaki matembezi ya jioni.

Katika ubeti wa tatu watoto wanaotajwa na Dickinson wako "in the Ring" (duarani), neno lisilolandana vizuri na "Sun" linalofunga ubeti huo, kwa hiyo wahariri waliugeuza mshororo ili uishie na "done". Sisi tuliolelewa na vina kamili, na tunaojulikana kwa ukali wetu dhidi ya shairi guni, yaani lenye kasoro ya vina au mizani, huenda tukawapongeza. Nashauri tusiharakishe, kwa sababu naona kulegea kwa kina hicho kunamwandaa msomaji kwa baridi ya ubeti unaofuata.

Basi tafuta toleo la Thomas H. Johnson la 1955 au la R. W. Franklin la 1998, ukijua kwamba namba walizoyapa mashairi hazilingani: shairi hilo hilo ni la 712 kwa Johnson na la 479 kwa Franklin, hivyo ni salama zaidi kulitafuta kwa mshororo wake wa kwanza. Lisome kwa sauti, utulie kwenye kila deshi, na usizidishe mashairi mawili au matatu kwa kikao kimoja. Ukikwama, fungua Emily Dickinson Archive, hazina ya mtandaoni iliyozinduliwa mwaka 2013, ambako picha za miswada yake hutazamwa bila malipo, yakiwemo maneno mbadala aliyoyaandika pembeni bila kuchagua lipi libaki.