Fundi Anajibu: Kamera ya kiwandani uifunge kwa waya gani?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni fundi umeme katika kiwanda cha maji ya chupa hapa Morogoro. Mashine yetu inatoa chupa 12,000 kwa saa. Bosi anataka kamera iangalie kama kizibo kimekaa sawa na kama tarehe iliyochapwa shingoni mwa chupa inasomeka. Kompyuta itakaa chumba cha umeme kwa sababu huku sakafuni maji yanamwagika kutwa. Nimepima njia ya waya nikapata mita 18. Muuzaji wa kwanza anasema nichukue kamera ya USB3, eti ina kasi mara tatu kuliko ile ya waya wa mtandao. Wa pili anasema bila CoaXPress, ile inayopitisha picha kwenye waya kama wa antena ya TV, nitajuta, na bei aliyonitajia imenitoa jasho. Nichukue ipi?
Fundi wa zamu, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umenifurahisha kwa kupima njia ya waya kabla ya kuandika. Wengi wananiuliza habari za kamera na barua nzima haina hata mita moja ndani yake.

Wauzaji wako wote wawili wameng'ang'ania kasi, basi tuanze na kasi tuimalize. Chupa 12,000 kwa saa ni chupa moja kila milisekunde 300. Kamera ya pikseli 1440 kwa 1080, isiyo ya rangi, picha yake moja ni kama megabaiti 1.6. Piga hesabu mwenyewe: hazifiki megabaiti 6 kwa sekunde. Waya wa mtandao wa gigabiti moja, kwa utaratibu unaoitwa GigE Vision, unapitisha kiasi cha megabaiti 115 kwa sekunde. Wewe una debe moja la kubeba, guta linakutosha. Mmoja anakuuzia Fuso, mwenzake anakuuzia semitrela.

Yule wa USB3 hakudanganya kuhusu kasi. USB3 Vision inafika megabaiti 350 na ushee kwa sekunde. Alichokificha, au hakijui, ni kwamba waya wake ni mfupi: mita 3 unalala usingizi, mita 5 unahitaji waya mzuri kwelikweli. Zaidi ya hapo unaingia kwenye nyaya zenye vikuza ishara katikati, au nyaya za fiba, ambazo zipo na zinafanya kazi, lakini bei yake inakula faida yote uliyodhani umeipata.

Nilishaumwa hapo. Zamani kidogo, katika kiwanda kimoja cha biskuti, tulifunga kamera ya USB kwa waya wa kuunganisha wa mita 8, tukaupitisha kwenye trei moja na nyaya za inveta inayorekebisha kasi ya mota ya konveya. Kamera ikawa inapotea. Inafanya kazi kwa muda wa saa mbili, mara haipo, kompyuta haiioni kabisa. Tukabadilisha kompyuta. Tukafuta programu tukaweka upya. Tukamshuku kijana wa zamu ya usiku kwamba anachezea plagi, na tukamsema mbele ya wenzake. Wiki ya pili nikachukua stuli nikakaa chini ya konveya usiku kucha na tochi. Kila mota ilipoanza kuzunguka, taa ya kamera ilizimika. Tulisogeza kompyuta karibu, tukaweka waya wa mita 2 mbali na inveta, na ugonjwa ukaisha. Yule kijana bado namdai msamaha, au tuseme yeye ndiye ananidai mimi.

CoaXPress si kitu kibaya hata kidogo. Uzi mmoja wa daraja la CXP-12 unabeba gigabiti 12.5 kwa sekunde, kamera inaweza kuwa na nyuzi nne, na umeme wa kamera unapita humo humo. Mtu anayepiga picha za megapikseli 12 mara 150 kwa sekunde anazalisha gigabaiti 1.8 kila sekunde, huyo nitampeleka kwenye CoaXPress kwa mkono wangu. Ila lazima anunue na kadi maalumu ya kupokea picha ndani ya kompyuta. Kwako wewe kadi hiyo itakuwa pambo.

Chukua GigE Vision. Waya wake unaruhusiwa kufika mita 100, hivyo 18 zako si kitu. Nunua kamera inayopokea umeme kupitia waya huo huo wa mtandao, ili usivute waya wa pili kwenye maji. Kwenye kompyuta iwekee kamera kadi yake ya mtandao peke yake, na ukubwa wa pakiti, yaani vifurushi ambavyo picha inakatwa ili isafiri, upandishe hadi baiti 9000. Usije ukaichomeka kwenye swichi ya mtandao ya ofisini ambako mhasibu anapakua mafaili yake. Waya uwe wa Cat 6 wenye kinga ya chuma, na kwa mazingira yako ningetafuta kamera yenye plagi ya M12 ya kukaza kwa uzi, kwa sababu ile klipu ya plastiki ya RJ45, plagi ya kawaida ya mtandao, ikivunjika mtu ataifunga kwa selotepu na utaanza kuniandikia tena. Nyaya za inveta zipite upande wao. Zikilazimika kukutana na waya wa kamera, zipishane kwa msalaba, zisitembee pamoja.

Sasa nikuhamishe kwenye jambo ambalo hao wawili hawakuligusa. Tarehe yako itasomeka au haitasomeka kwa sababu ya mwanga, wala si kwa sababu ya waya. Nikichukulia kutoka chupa hadi chupa kuna sentimita 10, konveya yako inakwenda milimita 333 kwa sekunde. Kamera ikitazama upana wa milimita 100, pikseli moja ni milimita 0.07. Ukiacha shata, yaani jicho la kamera, wazi kwa milisekunde moja, chupa imesogea milimita 0.33, karibu pikseli tano, na namba 3 inaanza kufanana na 8. Shusha hadi milisekunde 0.2 na msogeo unabaki ndani ya pikseli moja. Lakini kwa muda mfupi hivyo taa za dari haziwezi kukusaidia. Unahitaji taa ya LED inayomulika kwa mpigo pamoja na kamera, na kamera iwe ya shata inayofungua pikseli zote kwa mara moja. Ile inayofungua mstari baada ya mstari itakupindishia chupa.

Na waya wa sensa inayoiona chupa uingie moja kwa moja kwenye kamera. Usiipitishie kompyuta kazi ya kusema "piga sasa". Kompyuta ina mambo yake. Leo itachelewa milisekunde 5, kesho 40, na katika milisekunde 40 chupa yako imekwenda sentimita 1.3. Kizibo hakiko tena pale kilipotarajiwa kwenye picha.

Pesa utakayookoa kwenye CoaXPress, inunulie taa na lenzi nzuri.

SWALI: Mzee, hapa Mwanza tuna mashine ya mtumba ya kukagua vitambaa. Ina kamera ya mstari, inayosoma kitambaa mstari mmoja mmoja, ya pikseli 4096, inayotumia waya wa Camera Link wenye kadi yake maalumu, na kadi hiyo kwenye kompyuta imekufa. Karatasi ya kamera inasema mistari 40,000 kwa sekunde. Nimeambiwa nikihamia waya wa mtandao lazima uwe wa gigabiti 10. Kitambaa chetu kina upana wa mita 1 na kinakwenda mita 60 kwa dakika.
Mama wa matengenezo, Mwanza

JIBU: Dada, aliyekushauri amesoma karatasi ya kamera, hakukitazama kitambaa. Ni kweli, mistari 40,000 ya pikseli 4096 ni megabaiti 164 kwa sekunde, na gigabiti moja haiwezi. Lakini mita 60 kwa dakika ni mita 1 kwa sekunde. Pikseli zako 4096 juu ya mita 1 zinakupa robo milimita kwa pikseli. Ukitaka mstari nao uwe robo milimita, unahitaji mistari 4,000 kwa sekunde. Hiyo ni megabaiti 16 tu. Mashine ilinunuliwa na mtu mwenye haraka kuliko ninyi.

Kwa hiyo una njia mbili. Ya bei nafuu ni kutafuta kadi ya mtumba. Camera Link ipo tangu mwaka 2000 na kadi zake bado zinazunguka. Hakikisha tu inaendana na daraja la kamera yako, na uangalie kama kompyuta ina nafasi ya PCI ya zamani au PCI Express, maana watu wamenunua kadi ikakosa pa kuingia. Ya pili ni kamera mpya ya mstari ya GigE, gigabiti moja. Hapo pima ukubwa wa pikseli za kamera ya zamani na mpya kabla hujalipa. Zikitofautiana, lenzi uliyonayo huenda isikufae, na lenzi za kamera za mstari si za kuokota. Enkoda, kile kipima mzunguko cha kwenye rola, ibakize, ndiyo inayoiambia kamera lini ichukue mstari.

SWALI: Habari mzee. Mimi ni mwanafunzi Nairobi. Nina kamera nne za GigE, megapikseli 5 kila moja, kwenye swichi moja. Nikizipiga zote pamoja mara mbili kwa sekunde, picha zinakuja na mistari myeusi. Kamera moja moja haina shida. Ni mbovu?

JIBU: Nzima zote. Zinapiga pamoja, halafu kila moja inasukuma megabaiti zake 5 kwa kasi yote, na mlango wa kwenda kwenye kompyuta ni mmoja. Swichi ikijaa inatupa pakiti, na zile zisizotumwa upya ndiyo hiyo mistari myeusi. Ingia kwenye mipangilio ya kila kamera, ongeza muda wa kusubiri kati ya pakiti na pakiti hadi kila moja isizidi megabaiti 25 kwa sekunde. Picha itachukua milisekunde 200 kufika, na wewe una 500. Ukija kutaka picha kumi kwa sekunde, weka kadi ya milango minne na uiondoe swichi.