Nipange Muheza au Nikae Tanga Mjini?

SWALI: Shikamoo Bibi Mwalimu. Nimepangiwa kufundisha sekondari wilayani Muheza, shule iko palepale mjini. Rafiki zangu wanasema nipange chumba Tanga niwe nakwenda na kurudi, maana Muheza panalala saa mbili usiku. Nina miaka 26, sijaolewa, na sina ndugu huko. Wewe ulifundisha Muheza, unanishauri nini?
Mwalimu mpya, Dodoma

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Panga Muheza.

Ni kweli si mbali, kama kilomita 40 za lami, na mchana magari hayakauki. Nami 1987 nilipanga Ngamiani, hapo Tanga mjini, nikawa natoka saa 11 alfajiri. Siku ya zamu, jioni nilisimama barabarani nikiomba basi linalotoka Segera liwe na nafasi.

Uchovu huo ningeuvumilia. Kilichonihamisha ni machungwa. Msimu ulipoingia, madawati ya nyuma yalibaki wazi. Niliandika "mtoro" kwenye daftari la mahudhurio, na kengele ya mwisho ikilia nawahi gari. Nilipohamia Muheza ndipo nikawaona: hakujapambazuka vizuri, wavulana wangu wa kidato cha pili wanapakia machungwa kwenye lori. Kule mnunuzi hulipia shamba zima matunda yakiwa bado mtini, kisha hutafuta vibarua wa kuchuma, na fedha ya kibarua ndiyo iliyokuwa ikinunua madaftari. Nikaanza kuwatembelea wazazi jioni, nyumba kwa nyumba. Wengi tulikubaliana watoto wachume Jumamosi. Mazungumzo yale yalihitaji mtu asiye na gari la kuwahi.

Upweke usikutishe. Mji ule umezoea wageni tangu reli ya kutoka Tanga ilipofika 1896, na mashamba ya mkonge yakaleta manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka kila pembe, wengi wakabaki. Jirani yangu wa kwanza alikuwa Mmakonde aliyezaliwa hapohapo. Ndiye aliyenifundisha kusalimia Kibondei, lugha ya wenyeji.

Ukipata chumba, ulizia maji kabla ya kodi, na uombe kulipa miezi mitatu badala ya sita. Tanga ipo tu: Jumamosi panda gari la asubuhi, nunua samaki soko la Deep Sea, adhuhuri uwe umesharudi. Mchukulie na jirani.