Birika lina gamba jeupe, sabuni haitoi povu

SWALI: Assalaam alaykum Bi Mkubwa. Huku Jambiani tunatumia maji ya kisima. Birika langu la umeme limefanya gamba jeupe ndani, sabuni ya mche haitoi povu, na kanzu za mume wangu zikikauka zinakakamaa. Jirani kanambia nilichemshe birika kwa jiki. Nifanyeje? Na maji haya hayatatudhuru?

JIBU: Waalaykumu salaam mwanangu. Jiki usiitie kabisa. Haiondoi hilo gamba, na ikikutana na siki au ndimu hutoa hewa ya sumu.

Gamba hilo ni chokaa. Ardhi yenu huko ni mawe ya matumbawe, yale yale tunayoyachoma tanuuni kupata chokaa ya kujengea. Mvua hupenya humo ikaiyeyusha kidogo kidogo mpaka kisimani, nawe ukichemsha, hujitenga na maji ikaganda kwenye birika. Dawa yake ni ukali wa siki. Tia siki nyeupe nusu, maji nusu, gamba lifunikwe lote. Chemsha, chomoa waya, acha saa nzima. Utasikia linachachatika, na vipande vitaachia vyenyewe. Usikwangue kwa kisu. Suuza, kisha chemsha maji matupu uyamwage. Siki ikikosekana, kamua ndimu nne tano.

Kanzu zinakakamaa kwa sababu sabuni ya mche ikikutana na chokaa hufanya utando usioyeyuka, ukabaki kwenye nguo. Sabuni ya unga ina nafuu. Lakini kwa nguo nyeupe mimi sioni mfano wa maji ya mvua, maana hayana chokaa. Inaniuma kuona bati zima linamwaga maji laini uwani, na mama wa nyumba anahangaika na ndoo ya kisima. Masika ikiingia weka mlizamu kwenye bati, uache mvua ya mwanzo ioshe bati, ndipo ukinge. Pipa lifunike vizuri, mbu wasizaliane.

Kuhusu kunywa, usiwe na hofu na chokaa. Hata Shirika la Afya Duniani halikuiwekea kikomo cha kiafya. Vijidudu ndivyo vya kuogopa, kwa hiyo endelea kuchemsha.

Ila yaonje. Yakiwa na chumvi, hiyo si chokaa tena, bahari imeingia kisimani. Hapo siki haisaidii, na kuchemsha kunazidisha chumvi. Punguzeni kuvuta kwa pampu, hasa wakati wa kiangazi, na maji ya kunywa tafuteni kwengine.