Fidia katika kesi ya pamoja dhidi ya daktari: maswali yenu na majibu

Safu iliyopita ilieleza kesi ya George Tyndall, daktari wa magonjwa ya wanawake aliyefanya kazi katika kituo cha afya cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southern California (USC), jijini Los Angeles, tangu 1989 hadi 2016. Mamia ya waliokuwa wagonjwa wake walimtuhumu kuwagusa isivyostahili, kuwatolea maneno ya aibu na kuwapiga picha wakati wa vipimo. Chuo kilikubali kulipa dola milioni 215 ili kumaliza kesi ya pamoja iliyofunguliwa katika mahakama ya shirikisho. Barua nyingi nilizopokea baada ya hapo ziliuliza kuhusu pesa: zinagawanywaje, na nani, na kwa nini hazilingani. Hakuna sababu ya mtu kuona haya kuuliza hivyo, kwa kuwa aliyeumizwa na daktari wake ana haki ya kujua haki yake itamfikiaje mkononi.

Je, hulipwa kila mwanamke aliyetibiwa na daktari huyo, au wale waliofungua kesi tu?

Katika kesi ya pamoja, walalamikaji wachache husimama kwa majina yao kwa niaba ya wote waliopatwa na jambo lilelile, na mahakama hueleza kwa maneno bayana ni nani anayehesabiwa kuwa miongoni mwao. Hapa waliohesabiwa ni wanawake waliomwona Tyndall kituoni hapo kwa masuala ya afya ya uzazi, au waliopimwa naye matiti au sehemu za siri, au waliopigwa naye picha wakiwa hawajavaa nguo kamili. Walikadiriwa kufikia 18,000. Kila aliyeingia katika maelezo hayo alikuwa ndani ya kesi bila kujiandikisha, isipokuwa aliyeandika kabla ya tarehe ya mwisho kwamba anajitoa.

Waliothibitika kwa kumbukumbu za chuo chenyewe kwamba walikuwa wagonjwa wake walistahili hundi ya dola 2,500 bila kujaza fomu wala kueleza lolote. Hilo ndilo ninalolithamini kuliko yote katika makubaliano hayo. Wapo wanawake ambao hawajamweleza hata mume au mama mzazi yaliyowapata katika chumba cha daktari, na kuwaambia waandike kwanza ndipo walipwe ni sawa na kuwanyima.

Kwa nini mmoja apate dola 2,500 na mwingine 250,000, ilhali daktari ni yuleyule?

Kwa sababu malipo yalipangwa katika madaraja matatu, na mhusika mwenyewe ndiye aliyechagua afike daraja lipi. La kwanza ni hilo la dola 2,500. Aliyetaka la pili aliwasilisha maelezo ya maandishi ya yaliyompata na jinsi yalivyomwathiri, na angeweza kupewa kati ya dola 7,500 na 20,000. Aliyetaka la tatu aliandika maelezo na kisha kukubali kuhojiwa faraghani, na kiwango chake kilianzia dola 7,500 hadi 250,000.

Tathmini haikufanywa na chuo, wala na mawakili wa upande wowote. Ilikabidhiwa kwa msimamizi maalumu aliyeteuliwa kwa idhini ya mahakama, akisaidiwa na wataalamu wa magonjwa ya wanawake na wa afya ya akili. Jopo la namna hiyo lina faida inayoonekana wazi: mtaalamu wa magonjwa ya wanawake anajua kipimo halali hufanywaje, na kwa hiyo huweza kutambua kitendo kisicho na sababu ya kitabibu hata pale mgonjwa mwenyewe, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na minane na huenda ndiyo mara yake ya kwanza kupimwa, hakujua kwamba alitendewa vibaya. Wengi walibaki na mashaka kwa miaka, wakidhani kwamba ndivyo madaktari wote wafanyavyo.

Tufanye hesabu kidogo. Ukigawa milioni 215 kwa watu 18,000 kwa usawa, kila mmoja hupata karibu dola 12,000, aliyetolewa neno moja la aibu sawa na aliyeingiliwa mwilini. Lakini ukiwalipa wote 2,500 kwanza, zinaondoka milioni 45, na zinabaki milioni 170 za kuwafikia walioumia zaidi. Mwishoni malipo ya madaraja ya juu hurekebishwa kwa uwiano kulingana na fedha zilizopo na madai yaliyokubaliwa, na makubaliano yalikataza salio lolote kurudi chuoni. Kifungu hicho kiangalieni daima katika makubaliano ya aina hii. Pale salio linaporuhusiwa kumrudia mlipaji, mlipaji hufaidika kila mwathirika anapoamua kunyamaza.

Nimesoma kwamba wengine walilipwa zaidi ya dola milioni moja kila mmoja. Je, walio katika kesi ya pamoja walidhulumiwa?

Ulichosoma ni kweli. Machi 2021 USC ilitangaza kuwalipa wanawake 710 jumla ya dola milioni 852, yaani wastani wa milioni 1.2 kwa mmoja. Hao walikuwa wameshtaki kwa mawakili wao wenyewe katika mahakama za jimbo la California. Inafaa kukumbuka pia kwamba mwaka 2019 jimbo hilo lilipitisha sheria iliyofufua madai ya zamani dhidi ya madaktari wa vituo vya afya vya wanafunzi, madai ambayo muda wake ulikuwa umekwisha, na kutoa nafasi hadi mwisho wa 2020 ya kuyawasilisha, mradi yazidi dola 250,000. Kiasi hicho ndicho kilichokuwa kilele cha daraja la tatu katika kesi ya pamoja.

Kuhusu dhuluma, jibu langu lina pande mbili. Aliyejitoa alikubali hatari ya kushindwa, ya kuhojiwa kwa kiapo na mawakili wa chuo, ya historia yake ya afya kufunguliwa, na ya kumlipa wakili kutoka katika fungu lake. Aliyebaki alipata kidogo chenye uhakika na siri yake ikahifadhiwa. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kulinganisha 2,500 na milioni 1.2 ni kulinganisha vitu vya aina moja. Hata hivyo, mwanamke alipaswa kuchagua kabla ya yeyote kujua chuo kingekuja kulipa kiasi gani upande wa pili. Idhini ya mwisho ya kesi ya pamoja ilitolewa na Jaji Stephen V. Wilson mnamo Februari 2020, na dola milioni 852 zikatangazwa zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Aliyeumizwa vibaya na akabaki katika kesi ya pamoja kwa kuogopa, au kwa kukosa wakili wa kumshauri, alipata hasara ya kweli, nami sioni namna ya kuiita jina lingine.

Mawakili huchukua kiasi gani?

Mara nyingi ada hukatwa katika fungu lenyewe kwa asilimia ambayo jaji lazima aiidhinishe. Katika kesi hii haikuwa hivyo: chuo kilikubali kulipa ada na gharama kando, kwa kiasi kisichozidi dola milioni 25, hivyo milioni 215 zilibaki za waathirika. Kwa wale 710 hali ilikuwa tofauti, kwa maana wakili binafsi hulipwa kutoka katika fidia ya mteja wake kadiri ya mkataba wao.

Kulipwa huku kunamaanisha kwamba daktari alipatikana na hatia?

Hapana. Makubaliano ya fidia humaliza madai ya pesa bila hukumu. Tyndall alishtakiwa kwa makosa ya jinai mwaka 2019, akakana mashtaka, na akafariki Oktoba 2023 kabla kesi yake haijasikilizwa. Waliongojea kusikia neno la mahakama hawakulisikia, na katika hilo hakuna hundi inayoweza kuwatosha.

Mwanafunzi aliyekwisha kurudi nchini kwake hupataje malipo?

Notisi na hundi hutumwa kwa anwani ya mwisho inayojulikana, ambayo kwa mwanafunzi wa kigeni aliyemaliza masomo miaka ishirini iliyopita huenda ni bweni. Jukumu la kumjulisha msimamizi wa malipo kuhusu anwani mpya humwangukia mhusika. Aangalie pia tarehe ya mwisho ya hundi kuwekwa benki, na aulize mapema kama benki yake inapokea hundi za Marekani. Kuhusu kodi, sheria ya Marekani haitozi fidia ya jeraha la mwili, lakini fidia ya maumivu ya moyo yasiyotokana na jeraha la mwili huweza kutozwa.

Je, jambo kama hili linawezekana Tanzania?

Lipo shauri la uwakilishi chini ya Amri ya Kwanza, kanuni ya 8 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai. Mmoja au wachache huomba ruhusa ya mahakama kushtaki kwa niaba ya wenye maslahi yaleyale, na wengine hupewa notisi, hata kwa tangazo la umma. Baraza la Madaktari linaweza kumwadhibu daktari kitaaluma, ila halimlipi mgonjwa fidia. Hiyo hudaiwa mahakamani. Madai ya namna hii yana ukomo wa miaka mitatu, na hospitali ikiwa ya serikali, notisi ya siku tisini lazima itangulie kabla ya shauri kufunguliwa. Anayesubiri ujasiri umjie mwenyewe asiusahau muda huo, na kadi yake ya kliniki aihifadhi, hata kama imechakaa, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha tarehe aliyotibiwa na jina la aliyemtibu.