Usimnyang'anye simu kwanza, angalia anacheza nini: gemu zilivyonisaidia baada ya ajali

Dada mleta mada, nimesoma ulichoandika kuhusu mdogo wako, kwamba alipata ajali ya bodaboda miezi kadhaa iliyopita, mguu umeshaunga ila anashinda chumbani na simu anacheza gemu mpaka usiku wa manane, mama anataka amnyang'anye na mjomba anasema ni uvivu umemuingia. Naomba nikujibu kwa urefu maana hii kitu nimeipitia mwenyewe, na naona wengi hapo juu wanakwambia vunja hiyo simu, mimi nakuomba usivunje.

Mimi nilikuwa kwenye basi lililopinduka Kitonga nikitokea Iringa. Nilivunjika mtulinga, kuna abiria wenzangu hawakutoka wazima. Mfupa uliunga vizuri tu, kilichobaki ni picha. Yani niko mezani nakula na familia, lori likipiga honi huko barabarani naona kioo cha mbele kinapasuka upya, jasho linanitoka, mke wangu ananiita wala simsikii. Na usiku ndo balaa zaidi maana ukifumba macho hakuna kingine cha kuangalia zaidi ya hiyo picha, kwaiyo nikawa naogopa kulala, na usipolala siku kadhaa kila kitu kinaharibika, hasira, chakula, kazi, mpaka sala.

Mtoto wa dada yangu ndo akaniwekea kwenye simu gemu ya matofali ili nisikae tu. Wa miaka ya tisini mnaikumbuka kwenye vile vimashine vya plastiki vilivyoandikwa Brick Game 9999 in 1, vipande vinadondoka unavigeuza unavipanga mstari ukijaa unafutika. Asili yake ni Tetris, iliyotengenezwa na Alexey Pajitnov kule Moscow mwaka 1984. Nikawa naicheza usiku kitandani na nikaona kitu, nikiwa nacheza ile picha haiji. Sio kwamba nimesahau ajali, hapana, haipati nafasi tu, maana macho ya ndani yameshikwa na kazi ya kugeuza kipande na kukitafutia pa kukaa kabla hakijafika chini. Nikichoka nalala na vipande bado vinadondoka kichwani, na hivyo ni afadhali mara mia kuliko kioo.

Nlidhani ni mimi tu, kumbe hii kitu imefanyiwa utafiti wa maana kabisa. Kuna timu ya mwanasaikolojia anaitwa Emily Holmes, walikuwa Oxford Uingereza, wakachukua watu 71 waliofika hospitali na ajali za barabarani, wakiwa bado wako idara ya dharura, ndani ya masaa sita tangu ajali. Nusu wakaambiwa wakumbuke kwa kifupi ajali ilivyokuwa halafu wacheze Tetris kama dakika 20, wengine wakaandika tu mambo waliyofanya tangu wafike pale. Wiki iliyofuata wale wa Tetris picha za ajali ziliwajia pungufu kwa asilimia 62. Maelezo yao ni kwamba kumbukumbu ya tukio baya kwa sehemu kubwa ni picha, na mwanzoni inakuwa bado mbichi haijakaa sawa, sasa ukiipa akili kazi nyingine ya picha kwa wakati huo huo vinagombania sehemu moja na ile ya ajali inakaa kwa nguvu ndogo. Na nyinyi mnaosema gemu ni gemu tu sikilizeni hapa, timu hiyo hiyo huko nyuma ilishajaribu gemu ya maswali na majibu badala ya Tetris na haikusaidia kabisa. Lazima iwe kitu cha macho na kupanga, sio cha maneno.

Utaniambia mdogo wako ameshapitisha masaa sita zamani sana. Kweli, hata mimi nilikuwa nimeshapitisha. Lakini kule Bochum Ujerumani walijaribu na wagonjwa 20 waliolazwa kwa ajili ya mateso ya kumbukumbu za zamani kabisa, mgonjwa anaandika tukio moja kwenye karatasi, anaichana, halafu anacheza Tetris dakika 25, na zile picha walizozifanyia hivyo zilipungua kwa wastani wa asilimia 64. Ila hapo walikuwa na wataalamu pembeni, kwaiyo dada usije ukamkalisha mdogo wako chini ukamwambia hebu kumbuka ajali tucheze, hiyo ya kukumbuka waachie wataalamu.

Sasa picha zikipungua kuna kingine kinabaki, na hiki ndo naona kama kimemkamata mdogo wako, kutotaka watu. Sonona. Unaona kila mtu anakuonea huruma au anakushangaa, unaona bora ukae ndani. Gemu ya matofali haikunitoa hapo hata kidogo. Kilichonitoa ni mpira, kulikuwa na kibanda cha PlayStation mtaa wa pili, mechi mia tano, aliyefungwa anaachia pedi. Jirani yangu mmoja kijana tu akawa ananipitia jioni, "bro twende nikufunge", haniulizi naendeleaje wala haniletei maombi, twende nikufunge basi. Na aisee nimekuja kuelewa kwamba sisi wanaume ukitukalisha uso kwa uso ukatuuliza unajisikiaje tunasema poa, lakini mkikaa bega kwa bega mnaangalia skrini na mikono ina kazi, maneno yanatoka yenyewe. Habari ya ajali nzima tangu mwanzo mpaka mwisho niliisimulia mara ya kwanza pale, katikati ya mechi, kwa yule kijana, na yeye hakupozi wala hakunigeukia, aliitikia tu huku anacheza. Mke wangu nilikuja kumwambia baada ya hapo.

Kwaiyo swali langu kwako, mdogo wako anacheza peke yake au na watu? Kama ni Free Fire au eFootball na ana watu anaongea nao kwenye vipokea sauti, huyo hajajifungia kama mnavyodhani, huyo ana kijiwe, kiko tu mahali ambapo mama hakioni. Mtoto ambaye mguu ulimzuia kwenda uwanjani akipata timu huko ndani ya simu mimi simlaumu, na ukimnyang'anya unamkatia watu pekee alionao.

Lakini kuna gemu na kuna kamari. Kaa nae uangalie kwa macho yako, kama kinachoitwa gemu ni kile kindege cha kupanda na kuweka hela, hapo hakuna tiba yoyote, mtu mwenye huzuni ndo mteja wao mzuri kuliko wote, hicho kiondoe leo. Na hata gemu halali zina mpaka. Shirika la Afya Duniani limeweka uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, na vigezo vyao sio masaa mangapi, ni mtu kushindwa kujizuia, gemu kupita vitu vingine vyote maishani, na kuendelea hata kama inamharibia, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Kwa ulivyoeleza anakula, anaoga, anaenda kliniki ya mguu, mimi sioni uraibu hapo, naona mtu anajishikilia.

Hospitali muende. Hili nasema kwa moyo wote maana gemu ilinishika mkono ila aliyenirudishia usingizi wa kweli ni mshauri niliyekutana nae kitengo cha afya ya akili, na hospitali nyingi za rufaa za mkoa wana hicho kitengo, huna haja ya kusubiri mpaka aitwe chizi. Msimwambie tunakupeleka kwa sababu ya gemu, atagoma. Mwambieni ni kwa ajili ya usingizi. Na kama ameshawahi kutamka kwamba bora angekufa barabarani, hata kwa utani, usisubiri nafasi ya kliniki, mpeleke siku hiyo hiyo na asilale peke yake.

Kwa mama, mwambie asiguse simu mchana, wakubaliane saa ya usiku ya kuizima, na makubaliano yafanywe na kijana mwenyewe sio tangazo. Wewe nenda ukamwombe akufundishe hiyo gemu yake, na ufungwe kwelikweli, usijifanye unacheza. Usimuulize chochote siku za mwanzo.

Na umeuliza gemu gani ya kumwekea kwa usiku picha zinapomjia, weka yoyote ya matofali au ya kupanga vipande, ni nyepesi na simu yoyote inabeba. Zima data kabla hajaanza, nyingi zinacheza bila bando, na matangazo yanayoingia katikati siku hizi yamejaa hao hao wa kubeti.