Usiweke kichwa cha gololi kwenye monopodi (jibu kwa dogo wa Kasulu)

Usimtumie huyo muuzaji hela ya hiyo monopodi (fimbo ya mguu mmoja ya kuegemezea kamera). Kama umeshafungua menyu ya kutuma, toka.

Nimesoma swali lako lote. Una lenzi ndefu ya kuvuta mbali, milimita 150-600, unataka monopodi ya kupigia picha za mpira pale uwanja wa Lake Tanganyika, halafu uende nayo hifadhi ya Mahale kwa sokwe. Unauliza kaboni au alumini, urefu gani, kama inafaa kwa video, na mkoba gani wa kubebea. Kisha mwishoni, kama vile unataja bei ya dagaa, unasema kuna jamaa wa mtaa wa Mwanga anakupa monopodi pamoja na kichwa cha gololi (kile kinachokaa juu ya fimbo, kinashika kamera na kuigeuza pande zote) kwa 85,000 na "naona imekaa poa". Haijakaa poa, dogo. Hiyo ndiyo seti niliyonunua mimi, tofauti ni kwamba yangu ilikuwa mpya na nilipigwa zaidi.

Mwaka 2023 timu yetu ya Mashujaa ilipopanda Ligi Kuu, hapa Kigoma mwisho wa reli kila mwenye kamera alijiona mpiga picha wa magazeti. Nami nikiwemo. Nikavuta Sigma 150-600 ya mkononi kwa milioni 1 na laki 4. Lenzi yenyewe inakaribia kilo 2. Ongeza bodi, yaani kamera yenyewe, ni kama umebeba mtoto mchanga dakika 90. Mapumziko hayajafika mkono unatetemeka kama wa mlevi wa asubuhi. Nikaona dawa ni monopodi.

Nikiwa Dar kwa mambo yangu mengine nikaingia duka moja Kariakoo. Muuzaji akanitolea kichwa cha gololi, kizito, kinang'aa. "Bosi, hiki kinazunguka pande zote, kinabeba kilo 8." Nikamuuliza, hata kwenye monopodi? Akaapa ndicho wanachotumia wazungu Serengeti. Pande zote! Sikatai, hakusema uongo. Alisahau tu kuniambia kwamba hata chini ni upande.

Zile kilo 8 ni za kichwa kilichokazwa. Kwenye tripodi, ile ya miguu mitatu, unapanga picha, unakaza, unapiga. Kwenye monopodi ya mpira hukazi chochote, maana mchezaji hakusubiri. Unaiacha gololi ilegee ili umfuate. Sasa gololi ikilegea, mzigo wote wa kilo 3 uko juu ya kitu kinachoteleza mbele, nyuma, kushoto, kulia. Kinachouzuia usianguke ni mkono wako peke yake. Umelipa hela ya kupumzisha mkono, umeurudisha kazini na zamu ya usiku juu.

Mimi na fizikia tuliachana kidato cha pili, kwa hiyo haya niliyajua baadaye. Siku yenyewe ilikuwa bonanza la mtaani, hata ligi haikuwa. Nimesimama ukingoni, kwenye saruji. Mkanda wa kamera nimeutoa kwa sababu "unanikera". Goli likaingia, kila mtu akaruka, na mimi, mpiga picha makini, nikanyoosha mkono wa kulia kushangilia. Mkono wa kushoto umeshika fimbo. Gololi ikageuka, lenzi ikalala ubavu kama mgebuka sokoni, uzito wote ukaenda upande mmoja, fimbo ikanichomoka. Nilisikia mlio. Yule mama wa karanga alisema "pole baba" kabla hata sijageuka kutazama.

Kioo cha mbele hakikupata hata mkwaruzo. Ile pete inayoshika lenzi kwenye bodi ndiyo iliyopinda, na fokasi ikawa inasaga kama mashine ya kukoboa. Fundi wa Dar alichukua laki 6 na 20, nauli ya mzigo mbali, wiki tano. Mpaka leo picha upande wa kulia iko laini kidogo. Nawaambia wateja ni staili yangu.

Kwa hiyo: lenzi yenye kola yake (ile pete yenye kimguu chini) haipandi juu ya gololi ukiwa kwenye monopodi. Weka kichwa cha bawaba, kile kinachoinama mbele na nyuma basi. Kushoto na kulia unaizungusha fimbo yenyewe. Kutaka picha ya wima, unalegeza kola unageuza lenzi. Kila mwendo una mahali pake, na lenzi haina njia ya kulala ubavu. Huna hela ya bawaba? Funga kimguu cha lenzi moja kwa moja kwenye skrubu ya fimbo, bila kichwa chochote. Wapiga picha wengi wa mpira ndivyo wanavyofanya, kwa sababu mpira uko chini, humwinulii mtu lenzi mbinguni. Kwa sokwe sasa ndipo bawaba inahitajika, maana nusu ya muda sokwe wanakuwa juu ya mti na wewe uko bondeni na barakoa usoni, unahesabu mita 10 za kukaa mbali nao.

Angalia jambo moja ukinunua bawaba, mimi cha kwanza nilirudisha. Pleti (kile kibati cha chini kinachobanwa na kichwa) ya kimguu cha lenzi inalala kufuata urefu wa lenzi. Pleti ya chini ya bodi inakatiza. Kibanio cha kichwa kikikaa vibaya, bawaba yako itainama ubavuni badala ya mbele, na tumerudi kule kule kwenye saruji. Tafuta chenye kibanio kinachogeuzwa nyuzi 90. Chukua na pleti ndefu ya aina ya Arca-Swiss (muundo unaoingia kwenye vichwa vingi), uisogeze mpaka lenzi itulie bila kushikwa.

Na ukiweka kichwa, skrubu ya fimbo iwe ile nene ya inchi 3/8, si ya robo inchi. Kaza kila mapumziko. Ukimfuata winga anayekimbia kushoto huku fimbo imeng'ang'ania chini, unakifungua kichwa kidogo kidogo.

Wapiga picha wa harusi wenye lenzi fupi za 24-70 msinivamie, yenu haina kola, hayo ni mambo yenu.

Kaboni au alumini? Yoyote. Fimbo iliyoanguka na lenzi yangu ilikuwa kaboni, haikusaidia chochote. Urefu, simama wima, jicho liguse kamera bila kuinama, na kile kipande cha chini kabisa chembamba kibaki ndani ukiweza. Mahale kuna miteremko, hapo utakivuta. Kwenye boti usiisimamishe kwenye mbao, mtetemo wa injini unapanda mpaka kwenye picha. Kulikuwa na maswali mengine, yamenitoka.

Huyo wa Mwanga mpigie sasa hivi. Mwambie kichwa abaki nacho, unataka fimbo tu, na elfu 50 inamtosha. Akikataa kutenganisha, chukua vyote, kichwa umuuzie mtu mwenye tripodi. Mimi changu bado ninacho hapa, kinazuia mlango wa stoo.